Picha Niliyoitunga Juu ya Dungu

Juzi niliamka kwa mpwa wangu, kule Dimani, nikafunga kanga zangu mbili ndani ya mfuko, nikaaga, nikatoka. Mpwa wangu haulizi tena naenda wapi, maana anajua hata mimi sijui. Nilipata lifti kwenye lori la mkaa, nikashuka Kibiti kwa sababu lori lilisimama hapo, nikaingia mgahawani kunywa chai. Televisheni ilikuwa ukutani na watu wote wameigeuzia shingo.

Ilikuwa picha ya uchawi. Nimeziona nyingi, rafiki yangu, kwa kuwa mtu asiye na kwake hutazama chochote anachotazama mwenyeji wake, na nyingi hazinitishi. Damu yao inafanana na nyanya ya kopo. Muziki unatangulia kukuambia utishike, kwa hiyo jambo lenyewe linapofika umeshamaliza kutishika. Jini lina uwezo wa kupita ukutani lakini linahangaika na kitasa cha mlango. Zile tamthilia za kila wiki ndizo kabisa: mzuka unatokea, tangazo la sabuni linaingia, mzuka unarudi. Hayo yote nacheka. Kinachonishinda ni kimoja tu, kwamba mchawi wao karibu kila mara ni mwanamke anayeishi peke yake. Siku hiyo alipotokea, kijana mmoja mwenye chapati mkononi alisimama akapiga kelele, "Huyo huyo! Mchomeni!" na mgahawa mzima ukashangilia. Niliacha chai yangu nusu.

Ngoja nikueleze kwa nini.

Enzi za Mwingereza, nilipokuwa msichana wa miaka kama kumi, bibi yangu alilima mpunga bondeni, kandokando ya Rufiji. Mpunga ukianza kuiva tulihamia shambani, tukaishi juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, unapanda kwa ngazi. Huko juu kulikuwa na mkeka, jiko la udongo na kazi moja: kuamia ndege. Tangu alfajiri unapiga debe, unarusha madonge ya udongo kwa kombeo, unapiga mayowe mpaka sauti inakauka. Ndege wakiruka kwako wanatua kwa jirani, naye anapiga debe lake, wanarudi kwako. Mpaka leo nikisikia harufu ya pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa ukatwangwa, mdomo unanijaa mate. Shule nilikuwa nimeshaiacha. Mwalimu alisema maswali yangu ni mengi kuliko majibu yake, nikaona bora nikaulize kwingine.

Dungu la jirani lilikuwa ng'ambo ya kijifereji. Alikuwa mwanamke wa visiwa vya delta, kwa watu wanaokata mikoko. Aliolewa bondeni, mumewe akafariki, akabaki na shamba. Akina mama walimpelekea ukindu wa mikeka awatilie rangi kwa magome ya mkoko, na kwa ajili ya kazi hiyo viganja vyake vilikuwa vyekundu mpaka kwenye vifundo, havitakati kwa sabuni wala kwa mchanga. Alikuwa mpole. Bibi akikosa chumvi, mimi nilitumwa kwake.

Asubuhi moja nilitumwa maji. Njiani nikasikia watu wakisema gari la sinema la Serikali liko Kibiti. Nikauweka mtungi chini ya kichaka, nikapitiliza. Nilifika jioni miguu imevimba, nikakaa mbele kabisa ya shuka jeupe. Na nilichokiona, rafiki yangu, ni mtu anachimba choo. Akamaliza, akanawa mikono. Kisha ng'ombe wakaogeshwa, mashine ikazimwa, basi. Nililala barazani kwa muuza samaki, nikarudi.

Bibi alinisubiri chini ya ngazi na fimbo.

"Ulilala wapi, mtoto usiye na haya?"

"Kwenye picha, bibi."

"Picha ya nini?"

Ningesema choo ningechapwa. Nikasema, "Ya maiti aliyefufuka."

Fimbo ikabaki juu. "Nani kaionyesha?"

"Serikali."

Bibi akakaa kwenye ngazi. "Hebu sema vizuri."

Nikasema vizuri. Kesho yake watoto wa madungu ya karibu walikuja kuniamsha, nami nikaongeza. Nilikuwa sijawahi kusikilizwa hivyo maishani.

"Akatoka kaburini?" aliuliza mmoja.

"Akatoka. Akapanda ngazi ya dungu, moja, mbili..."

"Muongo wewe! Alikuwaje?"

Sikuwa nimefikiria alikuwaje. Nikatazama ng'ambo ya kijifereji. Jirani alikuwa anaanika ukindu.

"Mikono yake myekundu," nikasema. "Mpaka hapa."

Kukawa kimya. Nilijua nimefanya nini, usidhani sikujua. Lakini kimya kile kilikuwa kitamu.

Mwanzoni ilikuwa mzaha. Watoto wakimwona jirani walikimbia wakicheka. Kisha wakubwa wakaanza kuuliza. Wengi bondeni walikuwa hawajaona picha ikitembea, ila walijua kitu kimoja, nacho alikisema mjomba wangu kwenye kahawa: "Chombo kile cha picha hakipigi kisichokuwepo. Na Serikali haina muda wa kutunga hadithi. Kama wamempiga picha, wamemwona." Akina mama wakaacha kupeleka ukindu.

Mpunga wa jirani ukaiva. Desturi yetu ilikuwa kualikana: unapita dungu kwa dungu siku moja kabla, asubuhi watu wanakuja na visu vyao kukuvunia, nawe unawapikia. Alipita kwa wote. Wote walimjibu inshallah. Bibi naye alisema inshallah, na asubuhi akalalamikia goti.

Hakuja mtu. Mimi nilikuwa juu ya dungu letu, nikaona moshi wake ukipanda, nikasikia harufu ya wali wa nazi na kambale. Jua likafika utosini. Akasimama ukingoni akaniita.

"Njoo ule, mwanangu. Chakula cha watu kitaharibika."

Nilikwenda. Sufuria ilikuwa ya watu ishirini. Akanipakulia kwa mkono ule ule, nikala sahani ya kwanza, nikala ya pili. Yeye hakula. Alikuwa akitazama njia.

"Wewe unazurura kila mahali," akaniambia. "Nimewakosea nini? Hujasikia kitu?"

"Sijasikia, mama," nikasema, na wali umo mdomoni.

Alivuna peke yake siku nne. Mimi kila nikirusha donge, ndege waliruka kwetu wakatua kwake, na yeye, mikono yote miwili ikiwa kazini, hakuwa na wa kumpigia debe. Siku ya tano alifunga mikeka yake, akatia sufuria kwenye mtumbwi, akateremka na mto kurudi delta. Nusu ya mpunga ilibaki imesimama.

Leo bondeni ukitafuta madungu kama yale utachoka. Watu walihamishiwa vijiji vya barabarani, na mtoto anayejua kurusha kombeo simjui. Gari la sinema lilikwisha pamoja na Mwingereza wake. Bibi alifariki akiamini aliishi karibu na maiti. Walioikwepa ile sufuria wamezikwa wote, na mtu wa kumwambia ukweli sina, ndiyo maana nakuambia wewe.

Siku mbili baada ya jirani kuondoka, nami niliondoka. Nilikusudia kumfuata nikamwambie kwamba ni mimi. Nilifika penye njia panda, moja inashuka mtoni, moja inapanda, na miguu yangu ikapanda. Jioni nilitokea Mahege, mahali nisipomjua mtu. Mama mmoja aliyekuwa anatwanga aliuacha mchi.

"Mtoto wa nani wewe?"

Nikamtajia bibi yangu, nikamwambia nimetoka bondeni. Akanipa maji, akanipa muhogo, kisha akasogea karibu.

"Bondeni hasa? Basi wamjua yule mwanamke wa mikono myekundu, aliyepigwa picha na Serikali? Wanasema kashuka mtoni juzi. Anapanda ngazi za watu, anahesabu moja, mbili..."

Watoto wake walikuwa wamekaa mkao ule ule ninaoujua. Akanitandikia mkeka katikati yao, akanipa shuka.

"Lala, mwanangu. Usiogope, huku kwetu hajafika."

Nikajifunika mpaka kichwani, nao wakadhani ni woga.