Mwendo wa Saa Tisa Angani

Saa nne asubuhi, jua limeshaichoma lami ya uwanja wa ndege. Mpakia mizigo amechuchumaa ndani ya tumbo la ndege, mgongo unagusa dari, anapokea masanduku kutoka kwenye mkanda. Anainua moja na kusema, "Kilo ishirini na sita." Mwenzake aliye chini, aliyesoma uzito kwenye lebo yake, anacheka na kutikisa kichwa. Amepatia tena.

Ndiyo maana wenzake wanamwita Mizani. Yuko kazini mwaka wa ishirini sasa, magoti yamekwisha, na hajawahi kupanda ndege kama abiria.

Ndege hii inakwenda jiji lililo kilomita elfu saba kutoka hapa, mwendo wa saa tisa. Ndiyo iliyomchukua mdogo wake, fundi rangi, miaka sita iliyopita. Mama yao kule kijijini alipolia, Mizani alimtuliza kwa hesabu yake mwenyewe: basi la kwenda kwa mama linatumia saa kumi na mbili, ndege saa tisa, kwa hiyo aliyeenda ng'ambo yuko karibu kuliko aliyebaki mjini. Mama akaridhika, akawa anawatambia majirani.

"Ujinga ule niliutunga mimi," anasema, akifuta jasho kwa mkono wa shati.

Mdogo mtu hakurudi hata likizo. Kila akipiga simu alikuwa mzima wa afya, amenenepa mpaka suruali hazimfungi. Mwaka jana simu ikapigwa na mtu mwingine. Kumbe alikuwa ameugua muda mrefu, kimya kimya. Karatasi za kumrudisha zilihangaikiwa miezi miwili. Safari yenyewe ikawa saa zile zile tisa.

Hapa uwanjani jeneza halipitishwi kwenye mkanda. Hushushwa kwa mikono, kofia zimevuliwa. Siku hiyo msimamizi alimwambia Mizani akae kando, akakataa.

"Sikutaka kupima," anasema. "Lakini mikono hii haingoji kuulizwa. Nimebeba majeneza mengi. Lile lilikuwa jepesi. Nilivyolishika tu nikajua mdogo wangu alikuwa amekwisha."

Alhamisi ndege hii hii itamchukua binti yake wa pekee, aliyepata kazi ya kuhudumia wazee katika jiji lile lile. Mizani alikataa, mpaka mkewe akamuuliza kama ana kazi nyingine ya kumpa mtoto. Hakuwa nayo. Juzi wakila, binti akambembeleza: "Baba, si saa tisa tu?"

Ameomba zamu ya Alhamisi ili sanduku la mwanawe alipakie mwenyewe. Ukimuuliza anatumaini nini, ananyoosha kidole juu, kwenye mlango wa abiria, ambako ngazi inasogezwa.

"Arudi kwa mlango ule," anasema. "Akishuka nitambeba pale pale mbele za watu, aone haya asione. Simu siziamini tena. Nitampima mwenyewe."