Tunakwenda Kusalimia

Daktari alichora jicho kwenye karatasi, akachora na mshipa wake kwa nyuma, halafu akaukata mshipa kwa mstari mmoja wa kalamu. La kushoto limeshakwenda, akasema, la kulia tutalilinda kwa dawa ya matone, lakini tusidanganyane. Mume wangu akamshukuru kwa adabu zote. Miaka ishirini na minne alikuwa dereva wa lori, akibeba mahindi ya Kibaigwa kuyapeleka kila pembe ya nchi hii, na asubuhi ile udereva ulikuwa umekwisha. Tulipotoka tukakaa kwenye benchi la nje. Nililia mimi, yeye hakulia. Akaniambia nisimwambie mtu yeyote, si mama yake, si dada yake, si watoto.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwake.

"Kuna maneno nataka kukuambia. Ila si hapa, na si nyumbani. Nitafutie mahali twende wawili, nikutazame vizuri wakati bado naona."

Inabidi mjue mume wangu si msemaji. Alipokuja kuposa, aliyezungumza ni mshenga. Kanisani alipoulizwa kama ananipenda alijibu kwa sauti ndogo mpaka mchungaji akamwomba arudie, na nadhani tangu siku ile hajarudia tena. Simlaumu, ndivyo alivyo, na mimi ninaongea kwa niaba ya wawili. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo aliposema ana maneno, niliyataka maneno yale kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Tatizo lilikuwa mwezi. Ilikuwa Aprili, Bunge la bajeti limeanza, na mimi ni mtunza kumbukumbu katika ofisi moja ya serikali inayoshughulikia barabara, kule Mtumba. Bunge la bajeti likianza kwetu hakuna anayetoka kituo cha kazi. Swali la mbunge linaweza kuingia saa mbili asubuhi, jalada likatakiwa kabla ya saa nne, na ufunguo wa masijala ninao mimi. Niliomba ruhusa mara mbili. Bosi wangu, mtu mwungwana tu, akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikasema hapana. "Kuna mgonjwa?" Nikaifikiria ile ahadi ya kwenye benchi, nikasema hapana. Akaniambia basi nivumilie hadi Julai.

Nilivumilia kwa hasira. Kila asubuhi mume wangu alisimama mlangoni, akafunika jicho moja, akahesabu mabati ya nyumba ya jirani. Nikimwuliza anasema, "Yapo yote." Nami nilikwenda kazini nikafungua majalada ya barabara za watu wengine.

Kuna binti tunafanya naye kazi, aliyetoka chuo juzi tu. Nilimwambia nusu ya habari, kwamba nataka kutoka na mzee wangu, tubadilishe hewa. Alifurahi huyo, ungesema anaolewa yeye. Akanionyesha kwenye simu yake wazungu wawili wamevaa masweta, wameshika vikombe, majani mekundu yameanguka miguuni. Eti mapumziko ya wapenzi mjini, majira ya majani kuanguka. Nikamwambia huku Dodoma majani yakianguka watu wanaokota kuni. Akasema, "Mama, acha hizo. Nenda sehemu yenye baridi, vaa sweta, mshike baba mkono." Nilicheka, lakini lile la kumshika mkono lilinikaa.

Nikachagua Iringa, mwezi wa saba, katikati ya kipupwe. Nilichagua Iringa kwa sababu mume wangu amepita pale pengine mara mia na hajui chochote isipokuwa mizani na kituo cha mafuta. Na mimi ni mtu wa masijala, jambo lisilo na jalada kwangu halipo. Nikafungua jalada. Humo niliandika jina la nyumba ya wageni yenye dirisha linalotazama mji, nilikwishapiga simu wakaniwekea chumba. Siku ya kwanza tutapumzika. Siku ya pili sokoni, kwa miguu, polepole. Siku ya tatu tutapanda jiwe lile kubwa lililo juu ya mji, tukae, aseme. Niliandika hivyo hasa: "Tukae, aseme." Mtu mzima mimi.

Ruhusa ikatoka. Na hapo ndipo nilipofanya kosa, kosa la kijinga, ambalo hata leo nikilikumbuka nauma meno.

Nilikwenda Mvumi kumuaga mama mkwe.

Hamna namna ya kutomuaga. Mtoto wake hasafiri bila yeye kujua, na mkwe anayemchukua mume akaondoka naye kimyakimya ni mkwe gani huyo. Nikapiga magoti, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamwambia tunatoka kidogo, tunakwenda Iringa siku tatu.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna mama. Wazima wote."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna."

Akaacha kuchambua karanga. "Sasa mnaendea nini?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na jalada zima. Lakini wewe mwambie mama wa miaka themanini, kwa Kiswahili au kwa Kigogo, kwamba mnasafiri kutwa nzima ili mwanawe akutazame. Nami huwa sikosi la kusema, muulizeni yeyote. Nikasema, "Tunakwenda kusalimia."

Uso wake ukachanua. Maana Iringa yuko binti yake mkubwa, dada wa mume wangu, ameolewa huko, na hakuna aliyekwenda kumsalimia miaka mingi, hata mume wangu alipita tu na lori. Simu ikapigwa palepale, nikiwa bado nimepiga magoti. Nikafungiwa karanga, unga wa mtama, mlenda mkavu mfuko mzima, na jogoo amefungwa miguu. Nilirudi Dodoma na jogoo wa mapumziko ya wapenzi. Mume wangu alipomwona alitabasamu kidogo tu, akasema, "Si kitu. Tutawasalimia saa moja, halafu tutakwenda zetu."

Kwenye basi nilimkalisha dirishani, upande wa kulia. Alikuwa mchangamfu ajabu. "Sasa hivi utaona maji," akasema, na kweli baada ya kona moja bwawa la Mtera likatokea. "Hapo mbele wanauza samaki." Wakawapo. "Sasa tunaanza kupanda." Tukaanza kupanda. Nilifurahi moyoni, nikasema kumbe bado anaona vizuri hivi. Sikukumbuka kwamba njia ile anaijua kwa mwili, kona kwa kona, angeweza kunisimulia amefumba macho.

Wifi yangu alikuwa stendi na wanawe watatu, wakubwa wale wa kiume. Mizigo ilichukuliwa kabla sijashuka ngazi. Nikajaribu, Mungu ni shahidi. Nikamwambia, "Wifi, tusikusumbue, tumeshapata pa kulala."

Akasimama. "Wapi?"

"Kuna gesti hapo juu."

Hakukasirika, angekasirika ningepata nafuu. Aliumia. Akamwuliza mdogo wake, "Nimekukosea nini ukalale gesti nami nina nyumba?" Mume wangu akanitazama, au nilidhani ananitazama. Akasema, "Tunakwenda kwako, dada." Nikapiga simu kule nikaachia chumba, na yule wa mapokezi akaniambia karibuni tena.

Kwa wifi tulipokelewa vizuri mno, na hilo ndilo lililotumaliza. Mgeni wa kiume hakai jikoni, na mke wa ndugu hakai sebuleni akiwa amekunja nne wakati wenzake wanapika. Mume wangu aliwekwa kwenye kiti kikubwa, wanaume wa mtaa wakaja kumsalimia mmoja mmoja, wakamweleza bei ya nyanya na ugonjwa wa kuku. Mimi nilimenya. Vyumba vilikuwa viwili, na kwa kuwa shemeji alikuwa safarini, wifi akasema nilale naye tuzungumze, ndugu yake alale na vijana. Nikalala na wifi. Mwanamke mzuri, ana habari nyingi, na kwenye baridi ile alinigawia blanketi kubwa akabaki na dogo. Ningemchukia vipi?

Siku ya kwanza ilikwisha hivyo. Ya pili tuliamkia kanisani, kisha tukapelekwa nyumba nne kusalimia, kila nyumba chai. Katika nyumba ya tatu mume wangu aliweka kikombe pembeni mwa meza, si juu ya meza, kikavunjika. Wakasema ni uchovu wa safari. Yeye akacheka nao. Nilimtazama nikitaka anitazame, tuelewane hata kwa macho, na macho yake yakapita juu ya kichwa changu. Nikajiambia amekwepa kwa aibu ya kikombe.

Mngeuliza kwa nini sikumwambia wifi ukweli. Kila saa ulikuwa mdomoni. Neno moja tu, "Wifi, ndugu yako anapofuka, tuachie jioni moja," na angetufungulia mlango mwenyewe. Lakini siri ilikuwa ya mwenyewe, na alishaniambia kwamba wakijua, mama yake na dada yake wataanza kumbeba kwa mkono kabla hajahitaji kubebwa. Nikameza.

Siku ya tatu, saa kumi na moja jioni, nilidanganya. Nilisema tunakwenda duka la dawa. Wifi akataka kumtuma kijana wake, nikasema hapana, ni dawa ya kike, kijana akatazama chini na tukapita. Tulipanda lile jiwe taratibu. Alinishika mkono, nami nikakumbuka yule binti wa ofisini, nikajisikia kijana kwa dakika kama kumi hivi. Upepo ulikuwa unakata. Juu palikuwa na wanafunzi wachache wanapigana picha, wengine wameshaanza kuteremka. Mji wote ulikuwa chini yetu, mapaa na miti na moshi wa kuni, na jua limekaribia vilima.

Akakaa. Akasema, "Simama pale mbele, mji uwe nyuma yako."

Nikaenda nikasimama. Nilijitanda mtandio, nikautengeneza. Alinitazama, nami nikatulia, mimi nisiyetulia. Akafungua mdomo.

Simu yangu ikaita.

Ningeizima. Leo naizima kila usiku katika mawazo yangu. Lakini alikuwa wifi, na nilijua nisipopokea atamtuma mtu duka la dawa, na duka la dawa hatupo. Upepo haukuniruhusu kusikia, nikashuka hatua chache nyuma ya jiwe. Mko wapi, jogoo amechinjwa, majirani wamekaa, wanamsubiri mgeni afungue chakula kwa sala. Nikasema tunakuja wifi, tunakuja. Dakika mbili, hazikufika tatu.

Niliporudi nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anaongea. Mume wangu alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, mfululizo, namna ambayo sijawahi kumsikia, na mahali nilipokuwa nimesimama mimi alisimama msichana mmoja wa chuo, amejitanda mtandio, simu mkononi. Alikuwa amekwenda pale kupiga picha ya jua. Hakuwa anafanana nami hata kidogo, ni mwembamba, na umri wake ni wa mwanangu. Mwenye jicho zima, hata lile moja, asingekosea.

Ndipo nilipojua. Si mabati, si Mtera, si chochote. Hakuwa anaona.

Yule msichana alinigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Sijui alikuwa ameshasikia kiasi gani. Alitaka kuondoka, nami nikajiwekea kidole mdomoni, nikamsihi kwa mkono abaki. Akabaki, Mungu ambariki. Nikavua viatu nisisikike, nikatembea juu ya jiwe lililopoa mpaka pale aliposimama msichana, na ilinichukua muda. Nikapata maneno ya mwisho tu. Mume wangu alisema, "...na hiyo sitaisahau hata nikiwa gizani. Basi. Ndiyo hayo."

Msichana akateleza pembeni, nami nikasimama mahali pake. Akateremka bila kugeuka.

"Mbona umenyamaza?" mume wangu akauliza.

"Upepo," nikasema. "Sikusikia yote. Rudia, baba."

Alitikisa kichwa. Akawa yule yule wangu wa siku zote. "Aa, mama. Vile havisemwi mara mbili. Nimeshasema." Alionekana mwepesi, ametua mzigo. Akanyoosha mkono nimwinue. "Dada atakuwa anatusubiri, twende."

Yule msichana alikuwa bado anaonekana, ameshafika nusu ya njia. Ningeweza kumwita. Ningeweza kumkimbilia nimwombe aniambie nilichoambiwa. Lakini nilikuwa nimemshika mume wangu mkono, na njia ya kushuka ilikuwa na mawe, na kila jiwe ilibidi nimwambie liko wapi.