Cheti cha Tirza wa Kwanza

Wanawake wengine wa bonde letu uliwasikia kwa viatu vyao vya mbao vikigonga mawe. Kezia Barraclough ulimsikia kwa magoti. Goti na goti, goti na goti, sketi ikisuguana katikati. Magoti yamebanana na miguu imetawanyika chini, hata watoto wa mtaani wakampa jina la Mkasi. "Mkasi huyo! Mkasi anakuja kukata kitambaa!" Naye alikuwa akiwajibu, "Njooni niwakate hizo ndimi." Mdomo alikuwa nao, hilo nalikiri.

Magoti hayo hakuzaliwa nayo. Alipelekwa kusokota sufu katika kiwanda cha tajiri Ellershaw akiwa na miaka sita, na mtoto huko husimama mbele ya mashine tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja na nusu jioni. Uzi ukikatika, kuuunga kunataka mikono miwili, kwa hiyo kile kijiti kinachozunguka na kukunja uzi hukisimamisha kwa goti. Anasukuma goti kwa ndani, anaunga, anaachia. Mara elfu kwa siku. Na ukisinzia, ukanda wa nyapara unakuamsha. Mfupa wa mtoto ni mbichi jamani, ukiusukuma upande mmoja miaka saba utaenda wapi? Utaenda huko huko.

Aliolewa hivyo hivyo. Enoch Barraclough, mfumaji wa nyumbani, alisema yeye anaoa mtu, haoi miguu. Wakapata binti, wakambatiza kanisani, wakamwita Tirza. Akafa kwa surua kabla hajatimiza miaka miwili. Mwaka uliofuata akazaliwa binti mwingine, naye akaitwa Tirza. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto akifa jina halizikwi, anapewa anayefuata lisije likapotea. Huyu wa pili hakubatizwa. Baridi ilikuwa kali mwaka ule, ubatizo ukasogezwa mbele, mwisho ukasahaulika. Basi duniani kulikuwa na Tirza mmoja aliye hai asiye na karatasi, na mwingine aliye mfu mwenye karatasi nzuri kabisa.

Kezia alipomtazama huyu mdogo akitambaa, akasimama, akakimbia na vimiguu vyake vilivyonyooka kama mishumaa, aliweka nadhiri. Kwamba atakufa njaa, atakula nyasi, lakini miguu ile haitapinda.

Ndiyo maana watu walipoanza kudai sheria ya masaa kumi ya kazi, Kezia alikuwa mbele. Pasaka ile ya mvua waliyotembea kwa miguu hadi mji wa York, na yeye alitembea, magoti yakichubuana hadi soksi zikalowa damu. Mwaka uliofuata makamishna wa serikali wakaja kuuliza habari za viwanda, wakaketi katika chumba cha juu cha hoteli. Wanaume wetu waliingia wakaongea kwa mafumbo, kofia mkononi. Kezia aliingia akapandisha sketi mpaka mapajani.

"Funika, mama," akasema kamishna mmoja, akigeuza uso.

"Mbona unaona haya, bwana? Aliyeniharibu hakuona."

Tajiri Ellershaw akapata habari kabla ya chai ya jioni. Kesho yake Kezia alikuta lango la kiwanda limefungwa kwake, na la kiwanda cha pili, na la cha tatu. Matajiri wa bonde hili hugombania kila kitu, lakini kwa jambo kama hilo ni ndugu wa tumbo moja.

Sheria ikaja. Si ile waliyoiomba, bali nusu mkate. Mtoto aliye chini ya miaka kumi na tatu asizidishe masaa tisa kwa siku, wakubwa waendelee kuumia. Hata hivyo Kezia alilia kwa furaha, akamrusha Tirza hewani pale jikoni. "Umeona mwanangu? Hata ukienda kazini, ni masaa tisa! Jua halijazama, uko nyumbani!" Maskini. Hakujua kuwa tajiri naye anajua kusoma. Ellershaw alipiga hesabu, akaona watoto wa masaa tisa wanamlazimu kuwa na zamu mbili, akasema hataki mtoto yeyote wa chini ya kumi na tatu. Siku nzima, ama usije kabisa.

Huku nyuma kifua cha Enoch kikakataa kazi. Akikaa kwenye kitanda chake cha kufumia nguo anakohoa hata uzi unatikisika. Kezia akafua nguo za watu, akauza kitanda hicho cha kufumia, akauza saa ya ukutani. Uji wa shayiri ukawa mwepesi mpaka unaona chini ya bakuli. Lililobaki ni kwenda kukaa katika nyumba ya maskini, na huko, kila mtu anajua, huwatenga mume na mke na mtoto, kila mmoja ukuta wake.

Siku hizo ndipo nyapara Jabez Thwaite alipobisha hodi. Mtu mnene, mpole wa sauti, ukanda kiunoni hata siku ya Jumapili.

"Kezia, yule binti yako ana miaka mingapi?"

"Si unamjua? Kumi."

"Kumi? Mbona kanisani ameandikwa kumi na tatu?"

Kezia akamkazia macho. "Yule ni marehemu, Jabez. Ulikuja mazikoni. Ulikula biskuti za msiba, na nyingine ukatia mfukoni."

"Nimekula biskuti za misiba mingi, mama. Siwezi kukumbuka zote." Akamtazama Enoch aliyejikunyata karibu na moto usio na makaa. "Mimi nataka karatasi tu. Karatasi ikisema kumi na tatu, mimi ni nani nibishane na kanisa?"

"Toka nyumbani kwangu."

"Natoka. Lango linafunguliwa saa kumi na moja kasoro."

Siku tatu alikataa. Siku ya nne Tirza alianguka akiwa anachota maji, hakuna kilichomwangusha ila njaa. Njaa haina adabu, wenzangu, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwa hiyo msimhukumu haraka. Kezia akajitanda shali, akaenda kanisani.

Karani wa kanisa alifungua daftari la ubatizo, akatafuta kwa kidole. "Tirza, binti Enoch na Kezia Barraclough. Huyu hapa." Akanakili kwa mwandiko wa kupendeza. Daftari la mazishi lilikuwa pale pale mezani, kiwiko chake kimelilalia. Kezia alikuwa akikitazama kiwiko kile, nusu ya moyo wake ikiomba kinyanyuke. Hakikunyanyuka.

"Mungu amkuze," akasema karani.

Tirza akaanza kazi. Akatoka gizani, akarudi gizani, vumbi la sufu limemjaa kwenye nywele na nyusi. Na kila Jumapili baada ya ibada Kezia alimsimamisha mlangoni bila soksi, akamwambia abananishe magoti, kisha akapima kwa vidole nafasi iliyo kati ya vifundo vya miguu. Mtoto mwenye miguu iliyonyooka, vifundo vyake hugusana. Jumapili ya kwanza vilikuwa vinagusana. Baada ya miezi mitatu kidole kimoja kikapita.

"Vingapi, mama?"

"Hakuna kitu. Vaa soksi."

Kufikia masika vikapita vidole viwili. Usiku Tirza alilala akisukuma goti ndani ya usingizi, akiunga nyuzi ambazo hazipo. Kezia akamshika goti lile kwa mikono miwili, akaona amefanya nini. Alikuwa ametembea hadi York kuiomba sheria, kisha akamfungia mwanawe nje ya sheria hiyo hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Mkaguzi wa serikali alikuja mjini mwezi wa tano. Kijana mstaarabu, glavu za kijivu. Kezia alimkuta hotelini, katika chumba kile kile alichopandishia sketi, akamweleza yote bila kujificha, cheti, marehemu, nyapara, biskuti. "Binti yangu ana miaka kumi na mmoja, bwana. Anafanya masaa kumi na matatu. Mtoe. Mrudishe kwenye masaa yake tisa, na huyo tajiri alazimishwe kuwapokea watoto kama sheria inavyosema."

Mkaguzi aliandika kurasa tatu. "Umefanya jambo la kishujaa, mama," akasema. "Sheria itachukua mkondo wake."

Ikachukua kweli. Ellershaw akashtakiwa, na kesi ikasikilizwa na mahakimu wawili, mmoja shemeji yake, wa pili mwenye kiwanda kando ya mto. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Wakili wa tajiri akatoa cheti, akakisoma kwa madaha. Mteja wake alikuwa na kosa gani? Alipokea karatasi ya kanisa. Alidanganywa, mtu mwema wa watu.

Jabez Thwaite akaapa kwa Biblia. "Sikuwahi kufika nyumbani kwa huyu mama, waheshimiwa."

"Jabez!" Kezia akapiga kelele. "Jabez, mbele ya Mungu!"

"Nyamaza, mwanamke," akasema yule hakimu shemeji ya tajiri. Akafunua karatasi zake taratibu. "Hivi si wewe uliyetembea mpaka York kudai sheria?"

"Ni mimi."

"Na sheria hiyo inasema nini kuhusu mtu anayetumia cheti cha uongo kumwingiza mtoto kazini?"

Kezia hakujua. Nani angemwambia? Alidhani sheria ile inawabana matajiri tu.

"Inasema jela, miezi miwili," akasema hakimu. "Umeililia sana sheria, mama. Basi chukua." Chumba kizima kikaangua kicheko. Kijana wa glavu za kijivu hakucheka, lazima niseme haki yake. Alitazama saa yake, maana gari lake la farasi lilikuwa linaondoka adhuhuri.

Bonde zima, mwaka ule, mtu wa kwanza kufungwa kwa sheria ya viwanda alikuwa Kezia Barraclough.

Jela alipewa kazi ya kuchambua kamba kuukuu za meli, kuzifumua nyuzi nyuzi mpaka kucha zitoke damu. Kengele ililia asubuhi wakaanza, ikalia jioni wakaacha. Siku ya kwanza kengele ya jioni ilipolia, Kezia aliendelea kuchambua, jua bado liko juu ya ukuta.

"Wewe, acha," akasema askari wa kike. "Huku kwetu ni masaa kumi tu. Hatumwonei mtu."

Kezia akamtazama. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka wafungwa wenzake wakasogea pembeni wakidhani amerukwa na akili. Kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti kama mwenye msiba, na jirani yake, mwizi wa bata, akamwambia, "Lia polepole dada, wataongeza kamba." Masaa kumi aliyoyatafuta kwa damu ya magoti yake, duniani yalikuwa mahali pamoja tu, nayo yamezungushiwa ukuta.

Alitoka mwezi wa nane, akatembea maili kumi na sita kurudi. Enoch alikuwa pale pale karibu na moto, na moto ulikuwa na makaa. Kezia akayaona makaa kabla hajamwona mume.

"Tirza yuko wapi?"

Enoch hakumtazama. "Kazini."

"Kazini? Si walimtoa?"

"Walimtoa wiki moja. Halafu tajiri akaleta daktari wake." Akakohoa, akapangusa mdomo. "Siku hizi cheti cha kanisa hawakitaki tena, kwa sababu ya ile kesi yako. Wanataka cha daktari. Aliwapanga watoto arobaini uani, akawatazama meno kama mnunuzi wa farasi. Dakika kumi, kamaliza. Tirza kaandikwa ana nguvu na umbo la miaka kumi na tatu. Nami nisiyejua kuandika nikatia alama ya msalaba kuwa sahihi yangu."

"Enoch!"

"Ningefanyaje, Kezia? Ulikuwa hupo. Ungetaka unikute maiti?"

Cheti kile cha kwanza kilikuwa cha uongo, na Kezia angeweza kukikana. Hiki cha sasa kilikuwa na muhuri wa sheria yenyewe.

Jumapili, baada ya ibada, Tirza alijisimamisha mlangoni mwenyewe bila kuambiwa. Alikuwa amerefuka kidogo na uso umekauka. Akavua soksi, akabananisha magoti. Kezia akapiga magoti mbele yake, akaingiza kidole kimoja kati ya vifundo, cha pili, cha tatu, cha nne. Vidole vinne vikaingia vyote na nafasi ikabaki.

"Vingapi, mama?"

"Kimoja," akasema. "Kimoja tu, mwanangu. Vaa soksi."

Tirza akamtazama kwa utulivu, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyeiba sukari.

"Usinidanganye, mama," akasema, huku akivuta soksi. "Kiwandani wameshaanza kuniita Mkasi Mdogo."