Siku nilipovua wigi kwenye tanga la bibi, Ifakara

Wakuu, habari za jioni. Hili limenikuta wiki hii na sijaongeza chumvi.

Nina vipara viwili. Kimoja kisogoni, kingine juu ya sikio la kushoto, laini kama kiganja cha mtoto. Nywele zilidondoka zenyewe. Daktari alisema zinaweza kurudi, au zisirudi.

Nikanunua wigi. Mchumba wangu Gaspar, kijana wa Mlimba, hajawahi kuniona bila hilo wigi. Niliamini akiviona tu, ataondoka.

Kisha bibi yangu akafariki. Kwetu, siku ya kuanua tanga wajukuu wote tunanyolewa. Wakuu, nilikuwa nimesahau kabisa. Na Gaspar alishapanda treni kuja kunipa pole.

Shangazi Anastazia alikaa mkekani uani, kila mjukuu na wembe wake mpya. Zamu yangu ikafika.

"Vua hiyo kofia yako."

"Shangazi, mimi ninyolee ndani."

"Kwani bibi yako alikulea kwa kukuficha?"

Nikavua.

Nilisikia kuku tu, wakiparua mpunga ulioanikwa kwenye turubai. Gaspar alishafika, amekaa kati ya waombolezaji, na sikuthubutu kumtazama.

Shangazi akagusa kile cha juu ya sikio, akaanza kucheka mpaka akaweka wembe chini.

"Jamani, njooni muone. Mama alikuwa nacho hapa hapa. Mlidhani kile kitambaa alifunga kwa urembo?"

Bibi aliyenilea! Nimelala naye kitanda kimoja utoto wangu wote, na kitambaa chake hakikuwahi kutoka kichwani. Nililia na kucheka kwa pamoja, wembe ukinipitia.

Nilipoinuka, Gaspar akakaa palepale nilipotoka.

"Shikamoo shangazi. Na mimi ninyoe."

"Marahaba. Kaa pembeni, baba. Wewe bado si wa hapa."

"Kichwa ndicho hiki. Nifanyeni wa hapa."

Akamnyoa, wakuu. Uani wakapiga vigelegele, msibani.

Nilichojifunza: nilikuwa naficha urithi wa bibi yangu kana kwamba nimeuiba.

Wenye vipara wenzangu, nyie mnafunika na nini, na nani ameshaviona? Mwagikeni hapa chini. Wigi langu sina tena. Nililisahau uani, na leo shangazi kapiga simu kwamba kuku ameshataga ndani yake.