Leo ni Kuongeza Tu

Mwalimu wetu wa kompyuta hufuta ubao kwa kiganja, kisha hujifuta uso kwa kiganja hichohicho, kwa hiyo hufundisha akiwa mweupe kama mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Siku ya somo la foleni yenye ncha mbili, yaani orodha ya kompyuta inayoongezwa na kupunguzwa mbele na nyuma, alitukalisha kwenye benchi. "Benchi hili ni kitu," alisema kwa sauti yake nyembamba, "na kitu hakiguswi ila kwa amri zake." Akawa anaita, "Ongeza mbele! Ongeza nyuma!" nasi tunajipachika ncha hii na ile, mpaka dada mjamzito aliyekuwa wa kwanza kuketi akabanwa katikati. "Mwalimu, uchungu umeanza!" "Vumilia, mama. Leo ni kuongeza tu. Kutoa ni wiki ijayo." Dada akapiga ukelele. Mwalimu akapekua daftari, akalifikia somo la wiki ijayo, akaanza kututoa mmoja mmoja kwa upande wa mbele, mpaka zamu ya dada ikafika. Akambeba mwenyewe hadi zahanati ya jirani, akilia kuliko mzazi. "Wewe ndiye baba?" muuguzi akamuuliza. "Hapana," akajibu akihema, "mimi nafundisha kompyuta."