Kathure na Mgonjwa wa Rika la Baba

"Mwili wa mgonjwa si shamba, kwamba ukifika mpakani unageuka na jembe lako," Madam Marcella alisema, na wodi nzima ya wanaume ikanyamaza kusikiliza. "Umemwosha kifua vizuri. Halafu umeruka, umetua magotini. Katikati umemwachia nani, Kathure? Kaunti?"

Mgonjwa mwenyewe, kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu, alivuta blanketi hadi kidevuni na kucheka. Kathure hakucheka. Alisimama na beseni lake, maji yanatetemeka ndani kama kuna lori linalopita barabarani, na hakuna lori lililokuwa likipita. Ilikuwa mikono yake.

Basi hivyo ndivyo alivyoanguka mtihani wake wa kwanza wa wodini. Kumwosha mgonjwa kitandani! Kazi ambayo mtu wa nje anaisikia anasema, aa, kuosha tu? Hata mimi mama wa watoto naosha. Ngoja uoshe mwanamume mzima ambaye hamjuani, mwalimu amesimama nyuma yako na kalamu, ndipo uje useme.

Kanuni ya chuo haikuwa na mafumbo. Anayeanguka mara moja anarudia wiki inayofuata. Anayeanguka tena anafunga sanduku, anakaa nyumbani, anangoja kundi la mwaka ujao. Na kila mtu anamjua msichana aliyerudi nyumbani kungoja mwaka ujao: mwaka ujao humkuta na mtoto mgongoni.

Kathure alikuwa mtoto wa kwanza wa Riungu, mchumaji wa miraa wa upande wa Kangeta, Meru. Siku ya kwanza darasani waliulizwa kila mmoja ameijia nini kazi hii ya uuguzi. Wengi walisema Uingereza. Mmoja alisema Kanada kwa sababu ana shangazi huko. Kathure alisimama na kusema kwa sauti ya kukwama kwamba anataka kuwa mkunga, arudi kwao. Wenzake walimtazama kama mtu aliyepewa chakula cha hoteli akaomba githeri, mahindi na maharagwe ya kila siku. Hawakujua kwamba mdogo wake wa mwisho alizaliwa kando ya barabara, wanawake wa soko wamesimama duara na leso zao, kwa kuwa zahanati ilikuwa na ukuta mzuri na rangi mpya ila mkunga hakuna. Kathure alikuwa ameshika tochi ya simu siku ile. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Ndiyo maana kutetemeka kwa sasa kulimshangaza na kumtisha zaidi, kama mkono ulikuwa wa mtu mwingine.

Tangu afike chuoni, hofu ilikuwa mwenzake wa kulala. Aliogopa ukumbi wa chakula, usipofika mapema unakuta sufuria imekwanguliwa. Aliogopa mifupa ya darasani, na majina yake yasiyotamkika. Hata kengele ilimshtua. Lakini hizo zilikuwa hofu ndogo ndogo, za kuzoeleka kama viroboto. Hofu kubwa ilikuja Jumanne ya wiki ya kurudia mtihani, ilipoletwa kwa machela.

Ilikuwa mzee mwenye mkono wa kulia uliovunjika na paja lililovunjika. Walimlaza, mguu wakauninginiza kwa kamba na mawe ya uzani, mkono wakaufunga plasta, na ule mkono mwingine wakautia sindano ya maji ya dripu. Wauguzi walicheka pembeni. Mzee alikuwa amepanda mti wa miraa kuwaonyesha vijana jinsi ya kuchuma, na mti ukamwonyesha jinsi ya kushuka.

Kathure alipita na trei ya dawa. Mzee akamtazama mara moja, akatazama tena.

"Wewe. Hilo paji la uso nalijua. Wewe ni mwari wa Riungu, binti yake."

Trei ililia. "Ndiyo, baba."

"Riungu wa Kangeta! Tulitahiriwa naye msimu mmoja, tukalala nyumba moja mpaka tukapona. Mimi ni Kathuri. Baba yako anakula miraa na haniletei." Akacheka, kisha mguu ukamuuma akaacha. "Basi nina binti hapa. Vizuri sana. Nitaangaliwa."

Msomaji asiye wa huko aelewe jambo hili. Mwanamume aliyetahiriwa pamoja na baba yako si rafiki wa baba tu. Ni baba. Humwiti kwa jina, humjibu kwa ukali, na binti hamtazami akiwa hana nguo, hata kwa bahati mbaya, hata mtoni. Kathure alikua akisikia habari za Regina, mwanamke wa kijijini kwao. Inasemekana alipokuwa msichana alimkuta mzee wa rika la baba yake akioga, na badala ya kukimbia akasimama, akacheka. Mzee alisema neno. Regina ameolewa mara mbili, na nyumba zote mbili hazikusikia kilio cha mtoto. Labda ni neno la mzee, labda ni tumbo lake tu; hospitali hakwenda, kwa hiyo watu walijiamulia. Lakini mwambie hayo msichana wa miaka kumi na tisa ambaye ndoto yake yote ni watoto kuzaliwa.

Jumatano jioni Madam Marcella alitaja wagonjwa wa mtihani wa kesho yake. "Kathure, kitanda cha dirishani. Yule mzee wa miraa."

"Madam, tafadhali. Yule ni baba yangu."

"Baba yako anaitwa Riungu, nimeona fomu zako."

"Ni rika la baba yangu, Madam."

Madam Marcella alikuwa mwanamke wa Githongo, Mmeru kama Kathure, mfupi, mwenye viatu vilivyosikika kabla yake. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Ukiwa mkunga huko kwenu," akasema, "kila anayeingia atakuwa mama yako, shangazi yako au mke wa rika la baba yako. Utamwambia nani apande gari aje azalie Meru mjini? Kesho asubuhi."

Bwenini, Wanjira alikuwa akisugua viatu vyake. Huyu alikuwa wa kutoka Mbeere, nyumba ya ng'ombe na mtama, msichana asiyeogopa hata nyoka.

"Mzee ni mzee, mwili ni mwili," alisema. "Funga macho, piga sabuni."

"Nikifunga macho nitaosha kitanda."

"Maji umeshayavulia nguo, yaoge."

"Aliyevuliwa nguo si mimi, Wanjira! Hapo ndipo shida ilipo."

Wanjira alicheka mpaka kiatu kikamponyoka. Kisha alipoona mwenzake analia kweli, alikaa karibu naye, akamsogezea simu.

Kathure akampigia mama yake, Tabby. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie mwalimu unaumwa tumbo."

"Nikikosa ni kama nimeanguka. Nitarudi nyumbani."

"Rudi. Tutauza ndizi. Ndizi hazilaani mtu." Halafu, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu mlangoni: "Kathure, sikia. Kama lazima, basi usimguse kabla hajanena mwenyewe kwamba amekubali. Akinena kwa mdomo wake, amekufungulia. Asiponena, weka beseni chini uondoke. Umenisikia? Hata mwalimu akipiga kelele, uondoke."

Asubuhi Kathure aliteka maji ya moto, akachanganya na ya baridi, akapima kwa kiwiko kama alivyofundishwa. Alivuta pazia kuzunguka kitanda. Akaosha mikono. Madam Marcella alisimama miguuni pa kitanda na kalamu yake.

"Habari ya asubuhi, baba. Nimekuja kukuosha."

Mzee Kathuri alimtazama. Kicheko cha juzi kilikuwa kimekwisha usoni. "Nimeshaoshwa."

"Na nani, baba?"

"Nimeoshwa, nimesema."

Midomo yake ilikuwa imekauka na macho yamezama. Na chini ya harufu ya dawa ya kusafishia sakafu kulikuwa na harufu nyingine, ndogo, tamu kwa ubaya, kama ndizi iliyosahaulika kwenye gunia. Kathure aliisikia.

"Baba, hujaoshwa."

Sijui, alijiambia baadaye, ule mdomo niliupata wapi. Mzee naye alishtuka.

"Unajua wewe ni nani kwangu?" aliuliza kwa Kimeru.

"Najua. Ndiyo maana naogopa."

"Unaogopa mimi?"

"Naogopa neno lako, baba. Nataka kuwa mkunga; nikikugusa na moyo wako umekataa, nimekwisha. Nisipokugusa, huyu mwalimu atanirudisha nyumbani. Kokote ninakoenda nimekwisha." Machozi yalimtoka na hakuweza kuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshaoshwa. "Mama amesema unene kwanza."

Nyuma ya pazia mgonjwa mmoja alikohoa, akakatiza kikohozi ili asikie vizuri.

Mzee Kathuri alifumba macho. Alikaa hivyo hadi Kathure akaanza kufikiria sanduku lake, na njia ya kwenda stendi, na uso wa baba. Kisha akasema, "Lete mikono."

Kathure alimnyooshea viganja. Mzee akainua kichwa kwa shida, mshipa wa shingo ukasimama, akatema mate kidogo kwenye kiganja cha kulia, akatema kwenye kiganja cha kushoto, jinsi wazee wa kwao wanavyobariki.

"Mikono hii iwe ya kuponya," alisema. "Ipokee watoto. Ilichokiona leo ni ugonjwa, haikuona baba. Nimenena mimi Kathuri, na nikirudi nyuma neno hili linirudie mimi." Akaanguka kwenye mto, akihema.

Sasa fikiria. Mate! Mikononi! Mbele ya mwalimu aliyewafukuza wanafunzi wodini kwa kugusa nywele tu. Kathure aligeuka, viganja vimefunuka mbele yake, hajui aviweke wapi.

Madam Marcella alikuwa akitazama dirishani. Kulikuwa na kitu gani huko nje, Mungu ndiye anajua. Dirisha lile linatazama tangi la maji.

"Kathure," alisema bila kugeuka. "Mikono."

"Naosha tena, Madam."

"Basi osha, maji yanapoa."

Akaosha, akavaa glavu, akaanza. Uso kwanza, bila sabuni machoni. Mikono, kifua, tumbo. Alipofika kule kwenye mpaka alikoruka wiki iliyopita, hakuruka. Alifunika pale asipoosha, akafunua pale anapoosha, kama kitabu kilivyosema. Mzee alitazama dari na kuhesabu kwa sauti miti yake ya miraa, mmoja mmoja, jina la kila mti, kana kwamba yuko shambani na huku kitandani hakuna mtu. Kathure akamjibu, "Eeh, baba," kila mti. Wakavuka hivyo.

Walipomwinua wamwoshe mgongo, Madam akisaidia kushika, ile harufu ilitoka yote. Mwisho wa mgongo kulikuwa na kidonda cha kulalia, cheusi katikati, upana wa kifuniko cha soda.

"Tangu lini?" Madam aliuliza, na kalamu ikaingia mfukoni.

"Sikutaka kufunuliwa na watoto," mzee alisema ndani ya mto. "Kila aliyekuja nilimwambia nimeoshwa. Nilianza kulala hivi nyumbani, nilikaa siku kadhaa nikidhani mguu utajirudi."

"Ungeozea hapa kwa adabu," Madam Marcella alisema, na akaenda kumwita muuguzi wa zamu na vifaa vya kusafishia kidonda. Viatu vyake vilisikika hadi mwisho wa wodi. Aliporudi alimwambia Kathure, "Umepita. Usitabasamu, glavu bado zina sabuni."

Kathure hakuwa na tabasamu lolote. Alienda chooni akatapika.

Jioni simu iliita. Baba. Riungu hapigi simu. Huzungumza kupitia kwa mama. Kathure aliiangalia ikilia, Wanjira akiiangalia pia, kama nyoka.

"Shika, basi," Wanjira alinong'ona.

"Nimesikia kwa watu wa Kathuri kwamba ulimwosha, mkakuta kidonda," sauti ya baba ilisema, bila salamu.

"Ndiyo, baba."

Upepo wa miti ulisikika upande wa pili. "Alinena?"

"Alinena."

"Alitemea mkono upi?"

"Yote miwili."

Akasikia baba yake akitafuna polepole, akifikiri. Kathure akakaa sakafuni.

"Kidonda kile," Riungu akasema mwishowe, "asilalie. Mgeuze." Na simu ikakatika. Hakusema amekasirika, hakusema amefurahi. Wanjira aliuliza, "Amesema nini?" na Kathure akajibu ukweli: "Sijui."

Asubuhi iliyofuata mtihani ulikuwa umekwisha, hakuna aliyemtuma. Alivuta pazia la kitanda cha dirishani. Maji yalitetemeka kwenye beseni, kidogo kuliko wiki iliyopita, lakini yalitetemeka.

"Muuga, baba," alimsalimu kwa Kimeru.

"Mwari wa Riungu." Mzee Kathuri alifungua jicho moja. "Maji ya jana yalikuwa baridi. Sikukwambia, maana yule mwalimu wako namwogopa hata mimi."