Yai la Kwenye Karatasi

Wiki jana, kwenye kliniki ya watoto hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, uji wa serikali ulisimamishwa kwa sababu ya kipindupindu. Badala yake, afisa wa lishe kutoka Lilongwe aligawa karatasi zenye picha za yai, samaki na maziwa. Mama mmoja mkimbizi kutoka Fizi alikuwa amempakata binti yake mdogo. Mtoto aliitazama karatasi, akaing'ata pale penye yai.

"Mama, mnyang'anye! Ina vijidudu!" afisa alifoka kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Mama hakutikisika. "Nitamunyanganya, bwana. Unipe kwanza yai ya kweli, njo nimubadilishie."

Afisa alikohoa, akafungua daftari, akaandika huku akitamka polepole: "Mtoto amepokea lishe."

Wasomaji, siwezi kumwita mwongo. Kwa macho yangu nilimwona mtoto akimeza.